Mshale wa temperecha ukipanda, pimeni mshale kwanza kabla ya kufungua injini

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenye magari ya zamani pamoja na mafundi wetu, maana hela niliyopoteza mwaka huu sitaki mtu mwingine aipoteze kwa kosa lile lile. Mimi natembelea Toyota Corolla ya 1996, ile yenye injini ya 5A, aliiacha marehemu mume wangu na ndo inayonipeleka Morogoro kumuona mwanangu anayesoma kule na kunirudisha Iringa na mzigo kidogo wa biashara. Siyo gari ya kujivunia ila inawaka kila asubuhi, haili mafuta, na spea zake zipo hadi kwenye maduka ya pembezoni.

Mwezi wa tano nilikuwa narudi kutoka Morogoro nimechelewa kutoka, jua limezama nikiwa Ruaha Mbuyuni pale wanapouza vitunguu, nikawasha taa nikaanza kuutafuta mlima Kitonga. Wanaoujua Kitonga wanajua, unapanda na kona, mbele yako kuna lori linatembea kwa gia ya kwanza na nyuma kuna basi linakuwashia taa, huna pa kusimama. Katikati ya mlima nikatupa jicho kwenye dashibodi naona mshale wa temperecha umeacha katikati unakwenda juu, sio kidogo, unakaribia kabisa ile H nyekundu. Nilitetemeka. Nikaona sehemu pana kidogo nikatoka pembeni, nikazima gari, nikakaa ndani nasubiri moshi utoke kwenye boneti, na moshi haukutoka. Dereva wa lori mmoja kijana mstaarabu sana akasimama, akanisubirisha karibu nusu saa ndo akafungua mfuniko wa rejeta kwa tambara, na maji yalikuwa yamejaa mpaka shingoni. Akaniambia mama maji yapo, hakuna mahali yanavuja, twende taratibu mimi nitakuwa nyuma yako. Tukaenda. Mshale ukabaki juu mpaka Ilula na gari ilikuwa inavuta vizuri tu, haigongi, haipungui nguvu.

Hapo ndo palikuwa na jibu lote na sikuliona. Maji yamejaa, hakuna mvuke, hakuna harufu, nguvu haijapungua, ila mshale unasema injini inaungua. Ningejua kusoma hayo manne nisingeandika barua hii.

Kesho yake nikapeleka gereji. Sitaitaja na sina nia ya kumchafulia mtu, kwanza wale vijana hawakuniibia, walifanya kile wanachofanya kila siku kwa kila gari inayokuja na maneno "inachemsha". Fundi alisikiliza maelezo yangu, akafungua rejeta akaona maji yana rangi ya kutu, akasema mama hii gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imekwisha, tukichelewa hedi itapinda. Hakuendesha gari. Hakuwasha akasubiri aone mshale unafika wapi. Hakugusa waya hata mmoja. Hedi ikashuka, ikapelekwa kusagwa, gasketi mpya, oili mpya, na temostati, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta, wakaitoa wakaitupa kabisa wakasema huku kwetu joto haina kazi, inazuia maji tu. Jumla nikalipa laki nne na themanini elfu, hela ambayo nusu yake nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya ada.

Wiki ya kwanza nikawa natembea mchana tu, mshale uko chini kabisa, nikamshukuru Mungu. Wiki ya pili nikatoka Mafinga usiku, nikawasha taa, mshale ukaanza kupanda vile vile. Nilisimama barabarani nikalia, sioni aibu kusema.

Sasa nieleze alichonionyesha mzee mmoja fundi umeme, maana hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Nilielekezwa kwake na mwenye duka la spea, ana kibanda kidogo, meza moja, betri mbili za kupimia na mita iliyochakaa imefungwa na mpira wa tyubu. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mshale unapanda saa ngapi? Nikasema usiku. Mchana je, hata mlimani? Nikafikiria, nikasema mchana haujawahi. Na mshale wa mafuta unafanyaje huo muda? Nikanyamaza, kwa sababu kweli nilikuwa naona usiku mafuta kama yanaongezeka kidogo, robo inakuwa robo na kitu, ila sikuwahi kuunganisha hayo mambo mawili. Akasema injini haijui kama ni usiku, mwanangu. Injini inajua mzigo na mlima na foleni, kitu kinachojua usiku kwenye hii gari ni taa.

Akaniambia kaa kwenye usukani, weka swichi oni, usiwashe. Injini ilikuwa ya baridi imelala tangu jana yake. Mshale chini. Washa taa za mbele. Mshale wa temperecha ukanyanyuka mbele ya macho yangu, injini haijazunguka hata mara moja, na wa mafuta ukanyanyuka nao! Zima taa, yote miwili ikashuka. Washa, ikapanda. Nilifanya hivyo kama mara sita, nilikuwa siamini kwamba kitu kilichonila laki nne na themanini kinaweza kuonekana kwa sekunde tano gari ikiwa imezimwa.

Yule mzee akanielezea hivi na nitajaribu kulirudia kwa lugha yake. Geji ya temperecha kwenye hizi Toyota za miaka ya 90 ina vitu vinne tu. Kuna sensa ndogo imekazwa kwenye injini mahali maji yanapopita, ina waya mmoja, ndani yake kuna kitu ambacho kikiwa cha baridi kinazuia umeme sana na kikipata joto kinauachia. Kuna waya unaotoka hapo kwenda dashibodi. Kuna geji yenyewe yenye mshale. Halafu kuna ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, na ethi ziko sehemu mbili, sensa inapata ethi yake kupitia meno yake ya kukazia kwenye chuma cha injini na dashibodi ina ethi yake kwenye bodi. Kitu kimoja kati ya hivyo kikiharibika mshale unadanganya, na injini haina habari.

Kwangu ilikuwa ethi ya dashibodi. Akatoa plastiki ya pembeni chini mguuni kwa dereva, kuna bolti ya spana namba 10 imeshika nyaya kadhaa nyeupe zenye mstari mweusi. Aliniita nione. Kichwa cha bolti kilikuwa kimeota kutu ya kahawia na kwenye ile bati ya waya kulikuwa na unga wa kijani kama ule unaoota kwenye betri, kapeti chini yake lina unyevu. Mpira wa kioo cha mbele unavuja, mvua za masika zote zilikuwa zinatiririka taratibu zinaishia pale. Akapima na mita, ncha moja kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, ncha nyingine kwenye ile bolti, taa zikiwa zimewashwa. Ikasoma volti moja na kitu. Akasema hapa inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri kabisa, hii volti inayoonekana hapa ni umeme unaoshindwa kurudi nyumbani. Taa zinapita kwenye ethi hiyo hiyo ya ndani, zikiwaka umeme mwingi unasongamana kwenye ile kutu, geji zinapoteza mizani na mishale yote inapanda.

Akafungua, akasugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, akasugua na bodi pale bolti inapokaa, akapaka grisi kidogo juu ili maji yasiingie tena, akakaza. Washa taa. Mshale haukutikisika. Aliniomba elfu kumi na tano.

Halafu hakuniacha niondoke. Aliniuliza temostati iko wapi, nikamwambia waliitoa, akasikitika kweli kweli. Ile temostati ya Corolla inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuiweka hapo. Ukiitoa injini inatembea baridi, kompyuta inadhani ndo kwanza gari imewashwa asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi, oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, na mshale kwenye barabara ndefu unalala chini kabisa halafu kwenye foleni unapanda. Yaani juu ya uongo wa kwanza wa ethi nilikuwa nimeongezewa uongo wa pili. Na kuna injini nyingine temostati yake ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato, ukiitoa ile njia inabaki wazi, maji ya moto yanazunguka ndani bila kupita rejeta, na gari inachemsha kweli kweli kwa sababu ya dawa uliyoipa. Hili la kutoa temostati nawaomba mafundi wetu muliache jamani. Kama imekufa nunueni nyingine, temostati ya hizi gari siyo bei ya kumfanya mtu aharibu injini.

Mzee huyo alinifundisha na jinsi ya kujua kama tatizo ni sensa, waya au geji, na mimi nimeshawafanyia watu wanne mtaani kwetu. Kwenye hizi Toyota za zamani zenye sensa ya waya mmoja unachomoa ule waya kwenye sensa, unaweka swichi oni bila kuwasha injini. Mshale unatakiwa ulale kwenye C, upande wa baridi. Ukibaki juu na waya umechomolewa basi huo waya umechubuka mahali unagusa bodi au geji yenyewe ina shida, na sensa haihusiki hata kidogo. Ukilala chini, chukua ule waya uguseshe kwenye bodi, ila siyo moja kwa moja, pitisha kwenye balbu ndogo ya wati tatu na kitu kama zile za dashibodi, inalinda geji isipate umeme mwingi kuliko inavyotakiwa. Balbu itawaka kidogo na mshale utaanza kupanda kuelekea H, ukishaona unapanda toa. Hapo umejua geji ni nzima na waya ni mzima, kilichobaki ni sensa au ethi ya sensa. Dakika tatu, hujafungua hata bolti moja ya injini.

Sensa nayo inapimika. Weka mita kwenye ohms, kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme, ncha moja kwenye kichwa cha sensa na nyingine kwenye mwili wake. Kwenye maji ya nyuzi 50 inasoma kwenye mia mbili hivi, kadiri joto linavyopanda inashuka, ikifika 120 inakuwa kama ishirini. Sio lazima upate namba kamili, unachotafuta ni kwamba inashuka taratibu bila kuruka ruka. Nyumbani tulifanya kwa sufuria, maji ya jikoni, sensa imening'inizwa kwa waya isiguse chini, na kwa sisi wa Iringa kumbukeni maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, siyo 100 kama ya Dar, kwa hiyo usishangae ikisoma juu kidogo kuliko ulivyotegemea.

Kuna kosa jingine nimelikuta mara mbili katika hizo gari nne. Fundi anabadilisha sensa, anaogopa itavuja, anazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi nyingi kwenye meno ya kukazia. Ile tepu inazuia umeme! Sensa ya waya mmoja inapata ethi kwenye meno yake, ukiyafunika mshale haunyanyuki au unasoma chini kuliko ukweli, na mwenye gari anaambiwa sensa mpya uliyonunua ni feki. Jirani yangu alishanunua sensa tatu. Tulitoa tepu, tukasafisha meno, ile ya kwanza kabisa aliyokuwa ameitupa kwenye boksi ikafanya kazi.

Na wengine wanabadilisha sensa isiyo yenyewe. Kwenye injini kama yangu ziko zaidi ya moja. Hiyo ya waya mmoja ni ya mshale, ile ya nyaya mbili ni ya kompyuta na haiuhusu mshale kabisa, halafu kuna swichi ya feni ambayo nayo ina kazi yake peke yake. Yule mzee alisema hawa ni mashahidi watatu wasiolala nyumba moja. Mmoja akisema injini inaungua na wengine wawili wanasema hapana, mhoji huyo mmoja kwanza. Feni ya rejeta ikiwa inawaka na kuzima kwa zamu yake, bomba la juu la rejeta lina moto wa kawaida, maji kwenye kopo la akiba hayatoi mapovu wala hayafuriki, halafu mshale uko H, basi ni mshale. Ila feni ikiwa haizimi, bomba limekuwa gumu kama mti, kopo linachemka, unasikia harufu tamu ya kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, hapo usijadiliane na mshale, zima gari. Na msifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, ule mfuniko unabana maji yapate kupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukiufungua tu yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia usoni.

Kuna watu wamesikia habari yangu wakasema basi ndo maana sisi hatuangaliagi huo mshale, ni uongo mtupu. Hapana jamani, hapana. Hilo ndo linaloniuma zaidi na ndo sababu kubwa ya hii barua.

Shemeji yangu alikuwa na Hiace ya abiria, mshale wake umelala kwenye C tangu aliponunua, kila akiulizwa anasema haisumbui hiyo, gari yangu haichemshi. Siku moja kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni bomba la chini likapasuka, maji yakamwagika yote, na yeye anaendesha anasikiliza redio, mshale uko palepale kwenye C unamwambia kila kitu salama. Alikuja kujua injini ilipoanza kugonga, na ilivyozima haikuzunguka tena. Injini nzima. Abiria wamekaa juani. Kumbe ule waya wa sensa ulikuwa umechomoka na umening'inia miaka yote hiyo, kitu cha kurudisha kwa vidole.

Na hata mshale mzima unaweza kukudanganya hapo hapo, hili nilikuwa silijui. Sensa imetengenezwa kupima maji, inatakiwa iwe imezama kwenye maji. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa, na hewa haimpi joto kama maji, kwa hiyo mshale unaweza kupanda kidogo halafu ukashuka ghafla wakati injini ndo inaungua. Dereva anaona umeshuka anasema ahaa imepoa, anakanyaga mafuta. Kwa hiyo mkiona mshale umekuwa juu halafu ukadondoka chini kwa mara moja bila sababu, simameni, angalieni maji. Sio kupoa huko.

Nitaje na Land Rover kidogo maana huku kwetu nyanda za juu bado zipo, zile za zamani za Series III. Kuna moja ya jamaa zetu mishale ya mafuta na temperecha ilikuwa yote miwili inasoma juu sana. Hizo ziko tofauti na Toyota, zina kidude nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme wa betri uwe kama volti 10 kabla haujaingia kwenye geji. Kikifa au kikikosa ethi kinapitisha umeme wote na mishale yote inapanda. Kanuni ni ile ile, mishale miwili ikikosea kwa pamoja tafuta kitu wanachochangia, usibadilishe sensa mbili.

Wenye Vitz na Passo mtasema hayawahusu kwa sababu hamna mshale, mna taa ya bluu na nyekundu tu. Yanawahusu. Ile ya bluu inatakiwa iwake asubuhi injini ikiwa ya baridi na kuzima baadaye, kama haijawahi kuwaka hata siku za baridi ya mwezi wa saba huku Iringa basi mna swali la kuuliza. Ila hizo gari taa zinaongozwa na kompyuta, msijaribu ule mchezo wa kugusisha waya kwenye bodi, tafuteni fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, atawaambia joto la maji kwa namba kabisa. Na vile vipima joto vya bunduki vya kipindi cha Corona msijisumbue navyo, vile vimetengenezwa kwa joto la mwili vinaishia kwenye arobaini na kitu, injini iko zaidi ya mara mbili ya hapo. Vipo vya viwandani vinavyofanana, hivyo ndo vinafaa, unalenga pale temostati inapokaa na kulinganisha na mshale.

Ninachoomba ni kitu kidogo sana. Kwa mafundi wa gereji zetu, gari ikija na mtu anasema inachemsha, kabla hujaandika orodha ya spea muulize maswali matatu, inapanda lini, maji yanapungua au hayapungui, na mishale mingine inafanyaje. Halafu washa taa, washa waipa, washa feni ya ndani, angalia mshale kama unacheza. Mita ya kupimia Kariakoo unaipata kwa elfu ishirini au chini ya hapo, gereji nzima haiwezi kukosa. Nimekutana na vijana waliotoka vyuo vya ufundi wanajua haya vizuri kunizidi, wanaweza kukuchorea saketi nzima kwenye karatasi, ila wakifika gereji wanakuta mkubwa wao anaamua kwa kusikia na kuangalia rangi ya maji, nao wanaogopa kusema. Semeni, vijana wangu.

Kwa askari na wakaguzi wa magari wakati wa wiki ya nenda kwa usalama, mnaangalia tairi, taa, mikanda, ni sawa kabisa. Angalieni na huo mshale kwenye gari za abiria. Mwambieni dereva aweke swichi oni injini ikiwa ya moto, kama mshale umelala kwenye C wakati injini imetoka safari, gari hiyo inaendeshwa na mtu asiyeona. Injini ikizima ghafla kwenye mteremko wa Kitonga nguvu ya breki inapungua na usukani unakuwa mzito, na nyuma yake kuna watu.

Na kwa akina mama wenzangu wenye magari, najua tunavyofanywa gerejini. Unaambiwa kitu kwa haraka, unaonyeshwa chuma kichafu, unaambiwa mama hii imekwisha, na wewe una aibu ya kuuliza. Mimi sasa nauliza. Nasema nionyeshe mlivyopima. Nasema washa nione. Fundi mzuri hachukii, yule mzee alifurahi kila nilipomuuliza, na akaniachia ile bolti ya zamani yenye kutu akanipa nyingine mpya, ninayo hapa mezani wakati naandika, imefungwa kwenye kitambaa.

Temostati mpya niliweka wiki ile ile. Mpira wa kioo bado, nasubiri kukusanya hela kabla masika hayajarudi, kwa sasa nimeziba na silikoni na kila Jumamosi naingiza mkono chini ya kapeti kuangalia kama pakavu.

Kama kuna fundi umeme anayesoma hapa na ana njia nzuri zaidi ya kupima ethi za gari kwa mtu asiye na mita, naomba aandike, nitamshukuru sana na najua siko peke yangu.

Msomaji wenu,
Iringa